Je, Nyota Njema Huonekana Asubuhi?

Methali yetu husema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nimeisikia tangu utotoni, nimeifundisha darasani, na mara nyingi nimeisikia ikitumika vibaya. Walimu huitumia wanapomsifu mtoto aliyeshika nafasi ya kwanza darasa la tatu, na wazazi huitumia wanapomkatia tamaa yule aliyeshika ya mwisho. Ni methali nzuri kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Ni ya hatari kwa kuwa ukweli huo ni nusu. Katika sura hii nakusudia kuipima, na nitaipima kwa mfano wa watu ambao wameichukua methali hii, pasipo kuijua, wakaifanya kazi ya kila siku. Wao huwapa vijana nyota kwa hesabu, kuanzia mbili hadi tano. Watu hao ni Wamarekani, na kazi yenyewe ni kuwatafuta wachezaji wa mpira wa vyuo vikuu.

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu mstaafu ametumwa na nani huko. Nitamweleza. Kwa miaka tisa nilifundisha somo la upimaji na tathmini katika chuo cha ualimu, kabla ya kukabidhiwa shule ya sekondari niliyoiongoza hadi nilipostaafu. Kwa hiyo maisha yangu yote ya kazi yalikuwa ya kuwapa vijana alama, au ya kuwafundisha wengine namna ya kuzitoa. Mwanangu wa pili anaishi katika jimbo la Georgia, nami nimekwenda kukaa kwake mara nne. Mtu akikaa Georgia kuanzia Septemba hadi Desemba, apende asipende, ataujua mpira huo, maana siku ya Jumamosi hakuna mazungumzo mengine. Nilipoona watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, wakibishana usiku kucha kuhusu alama alizopewa kijana wa miaka kumi na saba, nilijiona niko nyumbani.

Mpira wenyewe si ule tuujuao sisi. Una umbo la yai, huchezwa zaidi kwa mikono, na kila upande huingiza uwanjani watu 11 kwa wakati mmoja. Lakini wanaoshambulia na wanaolinda ni vikosi viwili tofauti, hivyo timu huhitaji watu 22 wa kwanza, pamoja na akiba yao. Anayeongoza mashambulizi huitwa kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kila mchezo unapoanzishwa upya, na katika sekunde mbili au tatu huamua aurushe kwa nani, huku watu wenye miili kama makabati wakimwendea mbio. Vyuo vikuu vya huko huipenda michezo hii kupita kiasi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens, huchukua zaidi ya watu 90,000. Ligi ya kulipwa, NFL, huchukua wachezaji wake kutoka vyuoni humo katika uteuzi wa kila mwaka wenye raundi saba na nafasi zaidi ya 250.

Vyuo navyo huwachukua vijana kutoka sekondari, na hapo ndipo wakaguzi wanapoingia. Kampuni kama Rivals, 247Sports na ESPN zina watu wanaotazama michezo ya sekondari, picha za video na kambi za majira ya joto, kisha huwapa vijana nyota. Nyota tano ni za wachache mno. Kampuni ya 247Sports imeeleza kwamba hulenga vijana wapatao 32 kwa mwaka, kwa sababu raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL ina nafasi 32. Wenye nyota nne ni mamia machache. Wenye nyota tatu ni umati, na chini yao wapo wenye mbili na wale ambao hakuna aliyewatazama kabisa. Mwishowe alama za wote waliosajiliwa na chuo kimoja hujumlishwa, na chuo chenyewe hupangwa nafasi, kama shule zetu zinavyopangwa baada ya matokeo ya mtihani wa taifa.

Swali linalowagawa watu ni moja: je, nyota hizi zina maana yoyote katika ushindi? Nimewasikiliza wabishi wa pande zote mbili kwa uvumilivu wa kialimu, na maoni yangu ni kwamba kila upande una ushahidi wa kweli na kila upande unausoma vibaya.

Tuanze na wale wasemao kwamba nyota ni upuuzi. Silaha yao ni majina, na majina hayo ni mazito. J. J. Watt alitoka sekondari akiwa na nyota mbili, akaanza chuo cha Central Michigan, kisha akahamia Wisconsin bila udhamini wa masomo. Alipofika NFL alichaguliwa mchezaji bora wa ulinzi mara tatu, mwaka 2012, 2014 na 2015. Baker Mayfield alijiunga na Texas Tech, kisha Oklahoma, na kote huko alianza bila udhamini. Mwaka 2017 alitwaa tuzo ya Heisman, ambayo ni ya mchezaji bora wa vyuo vyote, na 2018 akawa wa kwanza kabisa kuteuliwa NFL. Josh Allen alikulia Firebaugh, mji mdogo wa wakulima huko California, na alipomaliza sekondari hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alipitia chuo kidogo cha Reedley, akapokelewa na Wyoming, na kwa msimu wa 2024 alitangazwa mchezaji bora wa NFL nzima. Ukiyasikia majina haya matatu kwa mfululizo, utakuwa tayari kuzitupa nyota zote jalalani.

Lakini mwalimu wa hesabu angeinua mkono hapo. Kuhesabu waliofaulu tu, bila kuuliza walianza wangapi, ni kosa ambalo nililisahihisha katika madaftari ya wanachuo kila mwaka. Tuchukue mfano wa darasani, usio takwimu za mahali popote. Tuseme vijana 30 wamepewa nyota tano, na 15 kati yao wakafika ligi ya kulipwa. Tuseme pia vijana 1,500 wamepewa nyota tatu, na 75 wakafika. Mpita njia atakayekwenda kwenye ligi hiyo ataona watu 75 wa nyota tatu na 15 tu wa nyota tano, naye atapiga kelele kwamba wakaguzi hawajui kitu, kwani wa nyota tatu ni mara tano ya wenzao. Kumbe kijana wa nyota tano alikuwa na nafasi moja kati ya mbili, na wa nyota tatu nafasi moja kati ya ishirini. Wakaguzi walikuwa sahihi, na sahihi sana. Ligi imejaa watu wa nyota tatu kwa sababu ile ile inayofanya soko lijae dagaa kuliko nguru: dagaa ni wengi baharini.

Kundi la pili linaijua hesabu hii na linajivuna kuijua. Linataja vyuo. Kocha Nick Saban alikiongoza Chuo Kikuu cha Alabama kutwaa ubingwa wa taifa katika misimu ya 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020, na katika miaka hiyo usajili wake ulikuwa kileleni au karibu na kilele cha orodha za nyota. Kirby Smart, aliyekuwa msaidizi wake, alikwenda Georgia, akasajili kwa mtindo ule ule, na akatwaa ubingwa wa misimu ya 2021 na 2022. Fainali ya msimu huo wa pili, iliyochezwa Januari 2023, ni somo peke yake. Mpinzani alikuwa TCU, chuo cha Texas chenye wachezaji wa nyota za juu wachache kuliko Georgia, ambacho katika nusu fainali kilikuwa kimewashangaza Michigan kwa 51 kwa 45. Watu wengi waliwaombea wanyonge hao mema. Georgia ilishinda 65 kwa 7. Rafiki wa mwanangu alinisimulia kwamba kufikia mapumziko baadhi ya majirani walikuwa wamekwisha kwenda kulala.

Mwandishi wa michezo Bud Elliott aliliweka jambo hili katika kanuni nyepesi. Alisema: hesabu vijana wote ambao chuo kimewasajili kwa miaka minne mfululizo, ikiwa nusu au zaidi walikuwa na nyota nne au tano, chuo hicho kinaweza kuwa bingwa, kama hawafiki nusu, kisahau. Vyuo vinavyoshindana katika daraja la juu ni zaidi ya 130, na kwa kawaida vinavyotimiza sharti hilo havifiki ishirini. Kwa zaidi ya miaka kumi kila bingwa alitoka miongoni mwa hao wachache. Kanuni inayosimama muda mrefu hivyo inastahili heshima. Mimi nimeona kanuni nyingi za elimu zikitangazwa kwa vigelegele na kuzikwa kimya kimya baada ya miaka miwili.

Hata hivyo, sharti la kuingia si hakikisho la kushinda. Mwaka 2022 chuo cha Texas A&M, chini ya kocha Jimbo Fisher, kilisajili kundi ambalo 247Sports iliweka juu ya makundi yote iliyowahi kuyapima. Nyota zilimwagika kama mchele. Msimu huo huo timu ilishinda michezo mitano na kupoteza saba, na mmoja kati ya hiyo saba ilipoteza nyumbani kwake, 17 kwa 14, mbele ya Appalachian State, chuo cha milimani ambacho hakuna mkaguzi aliyekitolea jasho. Wengi wa vijana wale wa kundi la dhahabu walihamia vyuo vingine. Novemba 2023 kocha alifukuzwa, na fidia ya mkataba wake ilizidi dola milioni 75. Waswahili walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sidai kwamba sifa pekee ndiyo iliyowaangusha, kwani timu huanguka kwa sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba jumla ya alama za wanafunzi haijawahi kuwa shule. Shule ni alama hizo pamoja na mwalimu, ratiba, nidhamu na hali ya wanafunzi kuvumiliana.

Tena lipo jambo ambalo mashabiki wa nyota hulipita haraka. Georgia ile iliyojaa nyota, iliyowafunga wenzao 65, iliongozwa na kwotabeki gani? Aliitwa Stetson Bennett. Alijiunga na chuo hicho mwaka 2017 bila udhamini, akaondoka 2018 kwenda chuo kidogo huko Mississippi, akarudi 2019. Makocha walikuwa na vijana wa nyota nyingi kuliko yeye katika nafasi ile ile. Yeye ndiye aliyecheza na kushinda fainali zote mbili. Basi timu ambayo ni ushahidi mkubwa wa upande mmoja ilikabidhi usukani kwa ushahidi mkubwa wa upande wa pili, na wabishi wa pande zote wanaendelea kubishana kana kwamba hawakuliona hilo.

Kisha ukaja msimu wa 2025. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa, kwa zaidi ya karne, mfano wa kushindwa. Kabla ya mwaka 2024 hakikuwahi hata mara moja kushinda michezo kumi katika msimu mmoja. Mwishoni mwa 2023 kilimwajiri Curt Cignetti, kocha mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, kutoka James Madison, naye akaja na baadhi ya wachezaji wake. Kwa kipimo cha Elliott, Indiana ilikuwa mbali na nusu. Haikukaribia hata robo. Kwotabeki wake, Fernando Mendoza, hakuwa miongoni mwa wenye nyota nne wala tano alipomaliza sekondari. Kwanza aliahidi kwenda Yale, chuo kinachosifika kwa vitabu kuliko mpira, kisha akachezea California, na mwaka 2025 akahamia Indiana. Desemba mwaka huo alipewa tuzo ya Heisman. Tarehe 1 Januari 2026 Indiana iliichapa Alabama 38 kwa 3, na siku ya 19 mwezi huo huo iliifunga Miami 27 kwa 21 katika fainali. Ilicheza michezo 16 na kushinda yote 16.

Waliosema nyota ni upuuzi walishangilia. Nami nilifurahi, maana ni nani asiyefurahi mtoto wa mwisho darasani anapotangazwa wa kwanza? Lakini furaha si hoja. Ukichunguza Indiana ilivyojengwa, utaona haikupuuza vipaji hata kidogo. Ilivipima kwa wakati tofauti. Tangu mwaka 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuhama na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani, na ruhusa hiyo baadaye ilipanuliwa zaidi. Cignetti aliitumia kuwatafuta watu wenye miaka 21 na 22 ambao walikuwa wamekwisha cheza misimu miwili au mitatu. Hakuhitaji mkaguzi wa kumtabiria kijana atakuwa nani. Aliwatazama watu wazima walivyokuwa tayari. Wenzake walinunua nyota ya asubuhi. Yeye alilitazama jua la saa nane mchana, ambalo kila mwenye macho huliona, ila wengi hawakulitazama kwa sababu macho yao yalikuwa bado kwenye orodha ya zamani.

Hapo nafika kwenye kiini cha maoni yangu, nami naomba nitumie maneno mawili ya somo nililofundisha. Kipimo chochote huulizwa maswali mawili. La kwanza ni kuaminika: wapimaji wawili wakimpima mtu yule yule, watapata jibu moja? La pili ni uhalali: je, kipimo kinapima kile unachotaka kukijua? Nyota za Wamarekani hawa si mbaya sana katika swali la kwanza. Kampuni hutofautiana, lakini kwa vijana wa juu kabisa hukaribiana, na wapo wanaotoa wastani wa zote ili kupunguza kosa la mmoja. Tatizo liko katika swali la pili. Kampuni yenyewe imesema wazi kwamba nyota tano zinalenga raundi ya kwanza ya NFL. Maana yake nyota inatabiri kama kijana atatakiwa na ligi ya kulipwa baada ya miaka mitatu au minne. Haitabiri kama atakisaidia chuo fulani, chini ya kocha fulani, kushinda mchezo wa Jumamosi. Mambo hayo mawili ni ndugu, lakini hayakuzaliwa siku moja. Bennett aliteuliwa NFL mwaka 2023 katika raundi ya nne tu, ilhali amewahi kuwa bingwa wa taifa mara mbili.

Sisi tulilijua hili vizuri. Kwa miaka mingi vyuo vya ualimu vya nchi yetu vilipokea vijana wengi ambao hawakuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Walifika wakiwa wameinamisha vichwa, kwa kuwa nchi ilikwisha kuwaambia kwamba wao si wa daraja la kwanza. Mtihani uliowapanga ulikuwa mtihani halali wa jambo moja, yaani nani ataweza masomo ya kidato cha tano. Haukuwahi kuuliza nani atamvumilia mtoto anayekosea hesabu ile ile kwa mara ya saba. Nilipokwenda kuwakagua katika mazoezi ya kufundisha, nilikuta baadhi yao wakiwa walimu ambao hadi leo sijaona wa kuwazidi. Nilikuta pia wengi waliokuwa wa kawaida, kama mtihani ulivyobashiri. Mambo yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja.

Kuna jambo jingine kuhusu kipimo cha namna hii ambalo wabishi wa Georgia hawalitaji. Nyota ikishatolewa huanza kufanya kazi yenyewe. Kijana wa nyota tano akikosea mchezo wa kwanza, kocha husema bado anajifunza. Kijana wa nyota mbili akikosea, kocha husema tulijua. Wa kwanza hupewa nafasi ya tatu na ya nne. Wa pili hurudishwa benchi. Baada ya miaka mitatu wa kwanza ameendelea zaidi, nasi tunasema mkaguzi aliona mbali. Tena chuo kikubwa kikimwendea kijana asiyejulikana, wakaguzi humtazama upya, na nyota zake huenda zikaongezeka. Kisha chuo hicho husifiwa kwa kumsajili mtu wa nyota nyingi. Sehemu ya ubashiri huwa hivyo imejitimiza yenyewe. Ni sehemu gani, sijui wa kuipima, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kuwapanga wanafunzi katika mikondo ya A, B na C anafahamu nasema nini. Watoto wa mkondo C huambiwa wao ni nani kabla hawajafungua daftari.

Mjukuu wangu ana miaka 16 na hucheza ulinzi katika timu ya shule yake. Mara ya mwisho nilipokuwa huko alikuwa amepewa nyota mbili, naye aliniuliza, "Babu, wewe ni mwalimu. Mtu wa nyota mbili ndiyo basi?" Baba yake alikuwa akifikiria kulipia kambi kadhaa za majira ya joto ili kijana aonekane na wakaguzi, na fedha hizo zingetoka katika akiba ya masomo. Kwa hiyo lilikuwa swali la nyumba nzima, si la mpira tu.

Nilimjibu kijana kwamba nyota zake mbili ni habari kuhusu vijana elfu kadhaa wanaofanana naye kwa kimo, uzito na mbio, na kwamba habari hiyo ni ya kweli: wengi wao hawatafika mbali. Sikumficha, kwa sababu mtoto hudanganywa mara moja tu, mara ya pili hakusikilizi. Kisha nikamwambia kwamba hakuna mkaguzi aliyeandika lolote kuhusu yeye peke yake, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye, na kwamba sehemu hiyo ya karatasi bado iko tupu. Ataijaza mwenyewe mazoezini na darasani. Baba yake nilimwambia jambo kavu zaidi. Takribani vijana milioni moja hucheza mpira huu katika sekondari za Marekani. Nafasi za uteuzi wa NFL hazifiki mia tatu. Josh Allen ni mmoja. Atoe fedha kwa kitu ambacho kitabaki na thamani hata kama mpira hautafika popote. Kambi moja, sawa, kwa sababu kijana anaipenda. Akiba ya masomo iachwe ilipo. Walinisikiliza wote wawili, ingawa mjukuu wangu alitaka nimwambie zaidi ya hapo.

Basi nirudi kwenye swali. Je, nyota zina maana? Inategemea anayeuliza ni nani. Kocha anayesajili vijana 25 kwa mwaka akizipuuza, ni mjinga, kwa sababu yeye anashughulika na wengi, na katika wengi nyota husema kweli. Huyo akose mmoja, atapata wawili. Shabiki anayetaka kujua kama timu yake ina uwezo wa kuwa bingwa atazame pia hesabu ya Elliott, ila akumbuke Indiana, na aongeze swali kuhusu wale waliohamia wakiwa watu wazima. Lakini mzazi hasajili watoto 25. Mwalimu anayemwita mwanafunzi mmoja ofisini hana umati mbele yake. Kwao wastani wa maelfu hautoshi, na kuutumia kama hukumu ya mtoto mmoja ni uvivu uliovaa joho la sayansi.

Kwa Kiswahili tunasema mtu ana nyota yake, tukimaanisha bahati aliyozaliwa nayo, ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuigawa. Wamarekani wamechukua neno hilo hilo wakawapa wakaguzi kazi ya kuigawa kila mwaka. Siwalaumu, nami nimegawa madaraja maisha yangu yote, na nchi isiyopima haijui inakokwenda. Natamani tu kila anayetoa alama, huko Georgia au katika shule yetu ya kata, aandike chini yake kwa wino unaosomeka: imepimwa tarehe fulani, mtoto akiwa na umri fulani, kwa jambo fulani. Wahenga hao hao waliotuachia ile methali ya asubuhi walituachia na nyingine, kwamba kutangulia si kufika. Walimu tumezoea kuikumbuka ya kwanza siku ya matokeo. Hiyo ya pili ndiyo yenye kazi siku zote zinazofuata.